Mwalimu Mkuu Aliyeshika Chaki Tena Pumwani

Mhariri alipotangaza kwamba kila kidato kitoe makala moja kuhusu mtu mashuhuri aliyefariki zamani, wanachama wenzangu wa chama cha Kiswahili walidhani nitamwandika Shaaban Robert, au Mekatilili wa Menza, au basi Dedan Kimathi. Nilipomtaja Edward Carey Francis, kelele zilizuka. Wengine walisema hawamjui. Wengine waliokuwa wamemsikia waliniuliza kwa nini jarida la Kiswahili limsifu Mzungu aliyekuja kusomesha watu kwa Kiingereza enzi za ukoloni. Swali hilo ni la haki, na nitalijibu humu humu, ila si kwa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwanza nataka wasomaji wajue jambo moja ambalo sisi wa Eastlands tungepaswa kulijua kuliko watu wa mitaa mingine yote ya Nairobi. Mtu huyu, baada ya kuwa mwalimu mkuu wa shule iliyosifika kuliko zote za Waafrika nchini, alimalizia kazi yake hapa kwetu Pumwani, akiwa mwalimu wa kawaida.

Francis alizaliwa Hampstead, mjini London, mwaka wa 1897. Alikuwa kijana tu Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaka, naye akapelekwa Ufaransa akiwa afisa wa kikosi cha mizinga. Wengi wa rika lake hawakurudi makwao. Yeye alirudi mzima, akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusomea hisabati, na huko alikuwa moto wa kuotea mbali. Kufikia mwaka wa 1922 alikuwa ameshapata nafasi ya usomi na ualimu katika Peterhouse, ambacho ndicho chuo kikongwe kuliko vyote pale Cambridge, kwa kuwa kilianzishwa mwaka wa 1284. Alikuwa na umri wa miaka 25 hivi. Alishirikiana na J. E. Littlewood, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne iliyopita, kutayarisha kitabu cha mazoezi pamoja na majibu yake, kilichotolewa mwaka wa 1928. (Ninyi mnaokimbia kipindi cha hesabu, msidhani ni mazoezi kama yale yetu ya kutafuta X. Hizo zilikuwa hesabu za wakubwa wenyewe.)

Mtu wa namna hiyo angekaa pale pale. Alikuwa na kazi, heshima, chakula cha jioni katika ukumbi wa miaka mia nyingi, na rafiki zake walikuwa watu wenye vichwa vikali kuliko vyote Uingereza. Lakini mwaka ule ule wa 1928 aliyaacha yote, akajiunga na wamisheni wa CMS na kuja Kenya, kuwa mkuu wa shule ya Maseno.

Hebu tupige picha akilini. Siku hizo mtu husafiri kwa meli hadi Mombasa, kisha hupanda gari moshi mpaka Kisumu, na kutoka hapo bado kuna kipande cha safari. Maseno iko pale mstari wa ikweta unapopita. Shule ilikuwa imeanzishwa na CMS mwaka wa 1906 kwa ajili ya wavulana wa sehemu hizo za Nyanza. Jana yake mtu anafundisha hesabu ambazo pengine watu mia moja tu duniani wanazielewa, na leo amesimama mbele ya vijana wanaojifunza kugawanya na kutafuta sehemu na asilimia, tena kwa lugha ambayo si yao. Wapo wangeona huko ni kushuka. Yeye inaonekana hakuona hivyo, kwa maana hakurudi tena kwenye ile kazi ya kwanza. Alikaa Kenya miaka 38, mpaka kufa. Hakuoa, wala hakuacha mtoto.

Nimetaja miaka hiyo 38 kwa sababu. Mitaani kwetu tumezoea kuwaona vijana wa kigeni wanaokuja kujitolea kufundisha. Wengine hukaa wiki tatu, wanafundisha watoto nyimbo za Kiingereza, wanapigwa picha nao, kisha wanapanda ndege. Sisemi ni vibaya, na watoto hufurahi kweli kweli. Lakini hata wale wa Peace Corps waliomiminika Afrika Mashariki miaka ya 1960, nao walifanya kazi ya maana vijijini, muda wao ulikuwa miaka miwili hivi. Mwalimu wa wiki tatu hajui ni nani katika darasa lake aliacha shule mwaka uliofuata. Mwalimu wa miaka 38 anajua hata mtoto wa mwanafunzi wake amefika darasa la ngapi.

Pale Maseno alikuwa mkali. Tusifiche. Alitaka usafi, alitaka saa iheshimiwe, alitaka kila mvulana afanye kazi za mikono hata kama baba yake ni chifu. Alipenda mpira wa miguu mno na kuamini kwamba uwanjani mtu hujifunza kucheza kwa haki. Aidha aliona kwamba watoto wa Kiafrika hawakuwa na kitabu cha hesabu kilichotungwa kwa ajili yao, akaketi kuandika. Vitabu vyake vilivyoitwa Highway Arithmetic vilisomwa na watoto wengi wa shule za msingi za Afrika Mashariki. Kwa maoni yangu hapo alifanya jambo kubwa kuliko hata kile kitabu cha Cambridge. Kile kilisomwa na wasomi wachache, lakini hivi vya Highway vilibebwa kwenye mifuko ya shuka na watoto waliotembea maili kadhaa asubuhi.

Miongoni mwa wavulana waliosoma Maseno wakati wake ni Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuja kuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya. Wote tunajua Jaramogi hakuwa mtu wa kuinamia Wazungu.

Mwaka wa 1940 Francis alihamishiwa Alliance High School, kule Kikuyu. Alliance ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1926 na muungano wa makanisa ya Kiprotestanti, na mkuu wake wa kwanza aliitwa Grieve. Shule za sekondari za Waafrika zilikuwa za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja wakati huo, kwa hiyo kuingia Alliance ilikuwa kama kupita kwenye tundu la sindano. Wavulana walitoka Pwani, Ukambani, Kati, Bonde la Ufa, Nyanza, wote wakalala bweni moja na kula sufuria moja. Mtihani wa mwisho uliokuwa ukifanywa ulitoka Cambridge, mji ule ule alioutoka mwalimu wao. Nahisi alikuwa akitabasamu kidogo bahasha za mitihani zikifunguliwa.

Alikaa Alliance miaka 22. Kati ya waliopita mikononi mwake ni Ronald Ngala wa Pwani, Jeremiah Nyagah wa Embu, na Julius Kiano, ambaye mwaka wa 1956 alikuwa Mkenya wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa falsafa, huko California, Marekani. Uhuru ulipofika mwaka wa 1963, ukihesabu waliokaa kwenye baraza la mawaziri, ungedhani ni mkutano wa wanafunzi wa zamani wa Alliance.

Sasa tufike penye mwiba. Mwezi wa Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari, na Alliance ilikuwa katikati ya nchi iliyokuwa ikiungua. Francis alikuwa upande gani? Hakuwa upande wa Mau Mau, hilo ni wazi kama mchana. Aliipinga kwa moyo wote na kuiona ni uovu. Lakini pia hakunyamaza alipoona askari wa serikali wakiwatesa na kuwaua watu ovyo. Alilalamika kwa wakubwa, na mwaka wa 1955 mawazo yake juu ya matatizo ya Kenya, kama yanavyoonwa na mwalimu anayeishi katika nchi ya Wakikuyu, yalichapishwa katika jarida la African Affairs huko Uingereza. Walowezi wengi hawakumpenda. Walimwona mtu anayewapa Waafrika kichwa kikubwa. Kwa upande mwingine wapigania uhuru hawakuwa na sababu ya kumwita rafiki. Mtu akikaa katikati hivyo hupigwa mawe kutoka pande zote mbili.

Anayetaka kumjua mtu huyu kwa undani amsome Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka wa 2025. Ngũgĩ alisoma Alliance kuanzia 1955 hadi 1958. Aliporudi nyumbani likizo ya kwanza alikuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishiwa kijiji kipya chini ya ulinzi wa bunduki. Kaka yake alikuwa msituni na Mau Mau. Na yeye yuko shuleni, amevaa sare, anaimba nyimbo za kanisa! Katika kitabu chake cha kumbukumbu za miaka hiyo, kilichotoka mwaka wa 2012, anaielezea shule kama mahali pa kujificha huku mbwa wa kuwinda wakimngoja nje ya lango. Humo Francis hatokei kuwa malaika wala shetani. Lakini katika riwaya ya Petals of Blood ya mwaka wa 1977, kuna mwalimu mkuu mmoja Mzungu mwenye kiburi ambaye wasomi wengi husema kivuli chake ni Francis. Kwa hiyo mwandishi mmoja amemchora mwalimu mmoja mara mbili, na picha hazifanani. Mimi nazipenda zote mbili, maana nafikiri zote ni za kweli.

Mwanafunzi mwingine wa Alliance, mwanahistoria Benjamin Kipkorir, aliandika tasnifu yake nzima kuhusu jinsi shule ile ilivyozaa tabaka la wakubwa wa Kenya. Na hilo ndilo jibu langu la kwanza kwa wenzangu waliopiga kelele. Ni kweli. Shule zile ziliwatoa watu wachache kijijini, zikawafundisha Kiingereza cha mfalme, zikawaweka ofisini. Kiswahili kilibaki lugha ya kumwagiza mpishi na kumwita mtunza bustani. Hakikuwa somo la lazima kwa kila mtoto wa Kenya mpaka mfumo wa 8-4-4 ulipokuja mwaka wa 1985, miaka karibu ishirini baada ya Francis kufa. Mwanafunzi angeweza kuitwa msomi bila kuandika insha moja ya Kiswahili. Chama chetu kingekuwa kichekesho pale Alliance ya mwaka 1950. Siwezi kumwondolea Francis lawama hiyo yote, ingawa si yeye aliyeutunga mfumo. Alikuwa mwenye nguvu kuliko walimu wote wa Waafrika, na sijaona mahali alipozitumia nguvu hizo kwa ajili ya lugha hii tunayoiandikia.

Basi kwa nini nimemchagua? Ni kwa sababu ya alichofanya mwaka wa 1962.

Mwaka huo alistaafu Alliance, akiwa na umri wa miaka 65 ukitimia. Wakati huo Wazungu wengi walikuwa wakiuza mashamba na kufunga virago, wengine wakienda Afrika Kusini, wengine Uingereza, kwa hofu ya uhuru. Francis alikuwa na kila sababu ya kurudi London akanywe chai na kuandika kumbukumbu. Badala yake alikuja mjini Nairobi, akaomba kazi ya kufundisha hesabu katika Shule ya Sekondari ya Pumwani. Hakuwa mkuu wa shule wala mkaguzi wala mshauri mwenye ofisi na karani. Alikuwa mwalimu, chini ya mwalimu mkuu mwingine. Yaani mtu aliyekuwa akiwapangia wengine ratiba kwa miaka 34 sasa anaangalia ubaoni kwenye chumba cha walimu kuona kipindi chake ni saa ngapi.

Na Pumwani ilikuwa wapi? Kwa wale wanaopita tu na matatu kwenda Eastleigh, Pumwani ni mtaa wa Waafrika ulioanzishwa na serikali ya wakoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, watu walipoondolewa katika vijiji vyao vya zamani vya mjini. Nyumba za Majengo zilijengwa kwa mtindo wa Kiswahili, vyumba vikitazamana na ukumbi katikati, na watu wa kila kabila walikaa humo, Waislamu na Wakristo, wenye kazi na wasio na kazi. Hapa Kiswahili hakikuwa lugha ya kumwagiza mtu. Kilikuwa lugha ya nyumbani, ya sokoni, ya msikitini, ya ugomvi na ya mapenzi.

Mtaa huu ulikuwa umeona mengi. Aprili 1954 wakoloni walifanya msako mkubwa ulioitwa Operesheni Anvil. Askari na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji, wakapita mtaa kwa mtaa katika Eastlands yetu hii, wakawatoa watu vitandani, wakawachambua kama maharage, na zaidi ya 20,000 wakapelekwa kambi za kizuizini. Miaka minane tu baadaye anakuja Mzungu mzee kufundisha hesabu pale pale. Baadhi ya wavulana waliokaa mbele yake bila shaka walikuwa watoto wa watu waliochukuliwa usiku ule. Kitu hicho hunifanya nitulie kidogo. Sijui kama ningekuwa mvulana huyo ningenyoosha mkono kujibu swali lake.

Tena tukumbuke hali ya elimu ilivyokuwa. Mwaka wa uhuru Kenya nzima ilikuwa na shule za sekondari 151, zenye wanafunzi wapatao 30,000 tu. Wazia idadi hiyo kwa nchi nzima. Alliance ilichagua wa kwanza wa kila wilaya, mvulana aliyeng'ara mpaka waalimu wote wanajua jina lake. Shule ya mtaani kama Pumwani haikuwa na anasa hiyo. Ilichukua watoto wa mtaa wenye bahati ya kupata kiti. Kule Kikuyu mwanafunzi akimaliza masomo ya usiku anaingia bwenini, taa ipo, kengele ipo, chakula kipo. Katika mtaa kama Majengo, mtoto arudipo jioni hurudi kwenye chumba kimoja chenye watu saba, redio ya jirani, mtoto mchanga analia, na mama anahitaji taa ile ile ili apike. Sisi tunaosoma shule za kutwa hatuhitaji kuelezwa zaidi. Huenda zoezi likafanywa, huenda lisifanywe, na mwalimu asiyeujua mtaa atasema ni uvivu.

Ndiyo maana nasema miaka minne ya Pumwani ni mikubwa kuliko 22 ya Alliance, hata kama wanahistoria wanaandika sura nzima juu ya Alliance na aya moja tu juu ya Pumwani. Kufundisha mtoto ambaye tayari ni wa kwanza katika wilaya ni kazi, sikatai. Lakini mwalimu wa aina hiyo, akiamka asubuhi, anajua juhudi zake zitaonekana, matokeo yatachapishwa, na siku moja atamwona mwanafunzi wake ndani ya gari lenye bendera. Pale Pumwani hakukuwa na ahadi hiyo. Kulikuwa na ubao, chaki, rundo la madaftari ya kusahihisha, na vijana ambao hakuna aliyetarajia wawe mawaziri. Aliyatumia madaftari hayo kama mtu aliye na kazi ya maana, mpaka mwisho.

Wenzangu wengine watasema alifanya hivyo kwa ajili ya dini. Ndiyo, alikuwa mmisheni na hakuficha. Wengine watasema mtu mzee asiye na mke wala mtoto alikuwa akiogopa upweke wa Uingereza. Inawezekana. Mimi sioni shida yoyote hapo. Watu wengi ni wapweke na si wote wanaoomba kufundisha hesabu Pumwani.

Alifariki mwezi wa Julai mwaka wa 1966, hapa Nairobi, akiwa bado mwalimu, miezi michache kabla ya kutimiza miaka 69. Mwaka huo siasa za Kenya zilikuwa zimechafuka. Mwezi wa Aprili Jaramogi alikuwa amejiuzulu umakamu wa rais na kwenda kuongoza chama cha upinzani cha KPU, huku Kiano na Ngala wakiwa mawaziri upande wa pili. Walikuwa hawapatani hata kidogo, na wote watatu walikuwa wamesimama wakati mmoja au mwingine mbele ya mwalimu huyo huyo, madaftari mkononi, wakingoja alama zao.

Wale vijana wa Pumwani majina yao hayamo vitabuni. Muhula wa pili ulikuwa haujafungwa alipokufa. Nadhani waliingia darasani kama kawaida, wakakuta kipindi cha hesabu hakina mwalimu, wakakaa wakimngoja mwingine.